Aliyeandikiwa Misiba

Mimi nilikuwa bibi maendeleo. Ndivyo watu walivyotuita siku zile maafisa maendeleo ya jamii wa kike, hata kama wewe ni msichana mbichi hujaolewa bado. Ni kazi ambayo mpaka nimestaafu sijapata kumweleza mtu akaielewa kwa mara moja. Daktari anatibu, muuguzi anauguza, bwana shamba anafundisha kilimo. Mimi je? Mimi nilikuwa naendeleza. Ukiniuliza naendeleza nini, hapo ndipo hasira zangu huanza.

Kituo chetu cha afya kilikuwa pembeni mwa shamba la mkonge, katika uwanda wa Korogwe, upande unaoshika njia ya Handeni. Ilikuwa miaka ya ruksa. Magulio yalijaa mitumba na redio za kaseti, wenye vichwa vya biashara walifungua maduka, na shamba letu, lililokuwa mali ya umma, lilikuwa likitafutiwa mnunuzi. Mnunuzi hakuwa amepatikana, lakini wafanyakazi walikwisha kupunguzwa. Neno lenyewe lilikuwa hilo, kupunguzwa, utadhani watu ni chumvi kwenye mchuzi. Wengi walifunga mizigo wakarudi kwao, Kigoma, Tabora, Songea, Njombe. Waliobaki makambini ni wale ambao kwao hapakuwa na mtu tena wa kuwapokea, na hao ndio waliolijaza benchi la kituo.

Walikuja na magonjwa yasiyopimika. Huyu moyo unamwenda mbio akiwa amekaa, yule mgongo, mwingine usingizi umemhama tangu siku king'ora cha kiwanda kiliponyamaza. Daktari wetu, mtu mrefu, mpole, mwenye tabia ya kufuta miwani kabla ya kusema jambo zito, alikuwa na klorokwini, aspirini na vidonge vya vitamini. Aligawa vyote. Watu walimeza, wakarudi kliniki iliyofuata na ugonjwa uleule.

Muuguzi ndiye aliyetukutanisha. Alikuwa mama mnene wa makamo, mcheshi, ambaye wagonjwa walimwita sista. Siku moja aliniita mimi na bwana shamba barazani kwa kituo, akatumiminia chai, akamwambia daktari: "Hawa watu hawaumwi dawa. Wanaumwa maisha. Na wenye kazi ya maisha ni hawa wawili, wanazurura tu na baiskeli za serikali." Bwana shamba, Msambaa wa Vugiri aliyekuwa akilalamikia joto la bondeni tangu asubuhi hadi jioni na bado anavaa sweta, alikasirika kweli. Mimi nilicheka, ila kimoyomoyo nilijua alichosema.

Basi kila Jumatano tukawa tunakaa. Daktari anasema ni mgonjwa gani dawa zake zimegota, muuguzi anasema mgonjwa huyo anaishi vipi, kisha mimi na bwana shamba tunatafuta la kufanya. Mwenye moyo wa mbio akapewa kipande kandokando ya mto alime mboga. Mama asiyelala nikampeleka kwenye kikundi changu cha kusuka mikeka. Siku hizi nasikia mambo haya yana jina la kitaalamu, yana semina na posho. Sisi hatukuyapa jina. Wengine walipata nafuu, wengine walikula mbegu walizopewa wapande, na mama wa mikeka aligombana na kikundi kizima akaondoka na ukili wao. Nasema hivyo ili mtu asidhani tulikuwa watu wa ajabu.

Sasa palikuwa na mzee mmoja, Mnyamwezi, aliyekuja huku kijana kabisa akiwa manamba, kibarua wa mkataba. Alianza kukata mkonge Mazinde, akahamia kwetu, akakatia hapo ujana wake wote. Mke alikufa, watoto hawakukua. Alikuwa mwembamba, meno ya mbele hana, na kila siku ya kliniki alikuwa wa kwanza kwenye benchi, ameshika tumbo.

Mimi ni Mzigua. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wakati wapagazi wao walipopita kwetu na mizigo kwenda pwani. Kwa hiyo sikupata hata siku moja kumwamkia mzee yule akaniitikia kama mtu mzima.

"Shikamoo mzee."

"Mzigua leo umeshiba? Handeni kwenu mvua imenyesha au mnangoja chakula cha serikali?"

"Shikamoo nimekupa, mpagazi."

"Iweke chini hapo, nitaibeba nikipita."

Benchi zima likacheka, naye akacheka, halafu mkono ukarudi tumboni. Marahaba hakunipa.

Tumbo lile lilimshinda daktari. Alimpa dawa za minyoo, za vidonda, za gesi. Alitaka kumpeleka hospitali kubwa, mzee akakataa katakata. Kisha siku moja, muuguzi akiwa anamminyaminya tumbo, mzee akamwambia jambo ambalo muuguzi alikuja kutueleza Jumatano hiyo huku akijifuta macho kwa ncha ya aproni.

"Sista, tumbo linauma, lakini silo linaloninyima usingizi. Wanyamwezi wenzangu wote wamerudi kwao. Maisha yangu yote nimekaa kambini, Wazigua wa vijijini hawanijui. Nikifa hapa, nani atanitania? Watanifukia kimya kimya, kama mbwa wa kambi."

Bwana shamba hakuelewa. Ilinibidi nimweleze. Kwetu msiba bila mtani una upungufu. Mtani huja akalia kilio cha uongo kinachoshinda cha waliofiwa. Huvaa nguo za marehemu, hudai kula kwenye sahani yake, humtukana maiti kwamba alikuwa mchoyo na mlevi, na wakati wa kutoa jeneza huziba mlango akakataa lisitoke mpaka apewe chochote. Waliofiwa hucheka na machozi yanatiririka. Kumtania mtu hivyo ni kushuhudia kwamba alikuwapo, alikuwa na watu, na watu wenyewe walimjua vya kutosha kumtukana. Mzee alikuwa anaogopa kufa bila ushahidi huo.

"Kumbe dawa anaijua mwenyewe," daktari akasema, akafuta miwani. "Aende akawatanie wao, wamjue. Siku yake ikifika watakuja."

Nikasema misiba ya Wazigua haikosi, na tangu Wanyamwezi waondoke misiba hiyo imekuwa mikavu. Muuguzi akasema ataongea na mzee. Bwana shamba akasema kwenye misiba watu hula vizuri, na mzee alihitaji kula. Tulikubaliana haraka mno, nadhani kwa sababu lilikuwa wazo zuri na tulikuwa na hamu ya kupatia.

Mzee alipoitwa, daktari akamwambia: "Mzee wangu, dawa yako ni misiba ya watani."

Mzee akanyoosha mkono. "Niandikie."

"Hii haiandikwi, mzee."

"Nimekaa benchi hili miezi yote, hujanipa dawa bila kuniandikia. Hii mbona huandiki? Au ni ya uongo?"

Daktari akacheka, akachukua karatasi, akaandika kwamba mwenye karatasi hii ameshauriwa kuhudhuria misiba ya watani wake kwa ajili ya afya yake. Akatia sahihi. Mzee akaitazama, akairudisha. "Muhuri." Muuguzi akagonga muhuri wa kituo. Tulicheka sote wanne mpaka bwana shamba akavua sweta.

Kwa muda dawa ilifanya kazi. Mzee alioga, akanyoa, akatafuta kofia. Nikisikia msiba kwenye kata nampelekea habari, naye anafika kabla ya sanda. Alikuwa mtani wa kweli. Alizirai kwenye mikeka ya akina mama, akajilaza kaburini akidai ni chumba chake alichopangishwa. Na popote alipokwenda alitangaza sababu ya kifo, na sababu ilikuwa moja tu kwa marehemu wote: wanawake wa Mombo, mji wanakolala madereva wa malori, ndio waliommaliza. Alisema hivyo kwenye msiba wa mzee mmoja mcha Mungu aliyekufa kwa uzee. Alisema hivyo kwenye msiba wa bibi kikongwe, na watoto wa bibi walicheka hadi wakashikana mabega. Wakimuuliza kakaribishwa na nani, huchomoa karatasi yake: "Nimeandikiwa na daktari! Nikikosa msiba leo naumwa!" Akawa maarufu. Watoto njiani wakamwita mtani. Kwenye benchi hakuonekana.

Kisha akafa utingo mmoja wa lori, kijana wa Misima, kijiji cha Wazigua huko Handeni. Alilazwa kwenye wodi yetu ndogo, akakondeana, akafa. Mimi niliambiwa ni kifua kikuu. Siku hiyo ilikuwa Jumatano, na lori la kumpeleka kwao lilikuwa linatafutiwa dizeli, kwa hiyo tulikaa kikao chetu kama kawaida.

"Misima kuna jamaa zangu," nikasema. "Nitakwenda na lori. Na mzee nimemwambia ajiandae, tutakuwa naye."

Daktari akakoroga chai ambayo alikwisha kuikoroga. Muuguzi akatazama viatu vyake. Bwana shamba akaanza kuzungumzia mbegu ya mihogo. Nakumbuka kimya kile kilivyokuwa kifupi, na jinsi nilivyodhani ni huzuni ya kufiwa na mgonjwa. Tukapanda lori.

Misima tulikuta msiba wa ajabu. Watu walikuwapo, lakini walikaa mbalimbali, na chakula hakikuguswa. Nyuma ya nyumba palikuwa na bunda la nguo za marehemu na vyombo vyake, na kuni kando. Mama yake, mjane, alikaa peke yake kwenye mkeka wake, akina mama wenzake wamejibana mkeka wa pili. Ningekuwa na akili siku hiyo ningeelewa hapohapo. Mzee yeye aliona bunda la nguo akafurahi. Akalifungua, akachomoa shati la mistari ya buluu, akalivaa juu ya lake. Akaokota sahani ya marehemu, akajipakulia wali, akaanza kula amesimama. Mama wa marehemu akainua uso akamtazama. Wengine wote walikuwa wakimtazama pia, lakini namna nyingine.

Mzee akadhani wanangoja maneno. Akapanda kwenye kinu kilichogeuzwa.

"Jamani Wazigua! Nawaambieni kilichomuua mtani wangu! Wanawake wa Mombo! Hao ndio waliommaliza!"

Hakucheka mtu. Mjomba wa marehemu akasimama taratibu. "Nani kakwambia?"

Na mzee, maskini, akidhani mchezo ndio kwanza unanoga, akachomoa karatasi akaipunga. "Hospitali! Daktari kaniandikia! Na muhuri huu hapa!"

Kijana yule alikufa kwa ukimwi. Siku zile neno lenyewe halikutajwa, watu walipita kando yake kwa mafumbo, na familia ile ilikuwa imejitahidi kulificha kwa kila namna. Kwa mtani peke yake, maneno ya mzee yangekuwa maneno ya mtani. Lakini muhuri wa kituo kile kile alikofia kijana uliyageuza kuwa tangazo. Waliona hospitali imemtuma mtu kutoka Korogwe hadi mlangoni kwao kuja kutangaza ugonjwa wa mtoto wao mbele ya maiti. Walimshusha kwenye kinu kwa ngumi. Karatasi ilichanwa. Shati hawakuligusa, hakuna aliyetaka kulishika. Nilimvuta mzee kwa mkono wangu mwenyewe, tukatoka hadi barabarani, damu inamtoka puani, naye ananiuliza: "Nimekosea wapi, mtani? Nimesema kama siku zote."

Jibu sikulipata mpaka nilipofika kituoni na kumkuta muuguzi analia kabla sijafungua mdomo.

Nilimpigia daktari kelele ambazo wagonjwa wodini walizisikia. Nilimwambia alijua, wote wawili walijua, na walikaa wakaniacha nimpakie mzee kwenye lori kama gunia. Alifuta miwani.

"Ulitaka niseme nini? Nikisema mzee asiende msiba ule, ungeniuliza kwa nini. Siri ya mgonjwa haiishi akifa."

"Na muhuri wako?"

Bwana shamba akasema kwa sauti ndogo kwamba pengine tusingeanza kabisa, kila mtu angebaki na kazi yake. Nikamgeukia na yeye. Mpaka leo nikikumbuka siku hiyo damu inanichemka, na kinachoniudhi zaidi ni kwamba daktari alikuwa na haki. Angesema, angekuwa ametoa siri. Hakusema, mzee akapigwa. Tulijua kukaa meza moja tukanywa chai, lakini kila mmoja alikuwa amekuja na sanduku lake limefungwa, na hatukuwa tumeulizana lini litafunguliwa.

Habari zilitangulia kila mzee alikokwenda. Msiba wa kwanza baada ya hapo walimzuia njiani. Wa pili walimwambia hawataki mtu wa hospitali, ana orodha ya wagonjwa kichwani. Watu waliwaficha wagonjwa wao asiwaone. Haukupita muda akarudi kwenye benchi, wa kwanza, ameshika tumbo, amevaa shati la mistari ya buluu. Muuguzi aliyekuwa amejifunza kumwamkia "mwangaluka" kwa lugha ya kwao, alimwamkia, naye akatikisa kichwa tu. Mimi nikampa shikamoo. Hakunitukana. Niliumia kuliko kama angenitukana mpaka ukoo.

Tulikaa tena Jumatano, lakini tulikaa kama watu waliofumaniwa. Bwana shamba alitaka mzee apewe bustani ya mchicha, na mbegu akampelekea. Muuguzi alitaka twende Misima kuomba radhi, daktari akasema kituo kikienda kuomba radhi kitakuwa kimethibitisha. Nikawaambia mimi si kituo, nikaenda.

Mama wa marehemu alinipokea mlangoni na hakunikaribisha ndani. Alikuwa amepungua. Nilianza maneno niliyoyapanga njiani, akanikatiza.

"Tangu nimzike mwanangu hajala mtu kwangu. Hitima nilipika, wakaja wakasoma wakaondoka. Wali niliwamwagia kuku. Maji ya mtungi wangu hayanywi mtu. Sasa wewe umekuja kunipa pole ya nini? Ya mwanangu au ya wali?"

Akatazama barabarani.

"Lile shati bado analo?"

"Analo, mama. Analivaa."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Akaingia ndani, akafunga mlango. Nilirudi na hofu kwamba atakuja kulidai, au atawatuma wajomba. Nikamwomba mzee alivue nimrudishie mwenyewe. Akakataa. "Shati la mtani halirudishwi kwa kutumwa. Mwenyewe aje anidai, anitukane, ndipo nitajua bado ni mtani wangu."

Hakuja. Mzee akaacha kula, akaacha kuja benchini, muuguzi akawa anamfuata kambini na uji. Alimminya tena tumbo, akakuta kitu kigumu ambacho zamani hakikuwapo, au kilikuwapo hakushika vizuri. Daktari alikuja, akashika na yeye, akatoka nje akasimama muda mrefu akitazama mikonge isiyokatwa. Huenda tumbo lilikuwa linaumwa kweli tangu mwanzo, na sisi tulikuwa tumechangamkia misiba. Huenda ilikuwa hofu peke yake. Sitajua, na daktari naye hakujua, aliniambia hivyo mwenyewe.

Siku mzee aliponiita alikuwa mwepesi kitandani kama nguo iliyoanikwa. Akauliza kama kuna Mzigua yeyote atakayekuja. Nikasema mimi. Akanitazama kwa huruma. "Wewe una cheo," akasema. "Hutaweza."

Alikufa jioni. Nilimwomba dereva wa lori la mkaa lililokuwa likienda Handeni apeleke habari Misima, nikijua ninajifariji tu. Kesho yake mchana tukakusanyika kambini: majirani wachache waliobaki, imamu, na sisi wanne. Vijijini hakuja mtu. Aliogeshwa, akavikwa sanda, akawekwa kwenye jeneza la msikiti. Shati la mistari lilikuwa limekunjwa juu ya kitanda, hakuna aliyejua lifanywe nini. Palikuwa kimya. Kilikuwa kimya kilekile alichokiogopa, sasa kimekuja mpaka mlangoni kwake.

Wanaume walipoinama kulishika jeneza, nilijua ni zamu yangu. Nilisimama mlangoni. Nilikuwa nimeandaa tusi la upagazi, nilikuwa nimelifanyia mazoezi asubuhi nzima. Nikafungua mdomo. "Mzee..." nikasema, na sauti ikaishia hapo. Sauti iliyozoea kufungua mikutano. Watu wakanisubiri kwa adabu, kisha imamu akaashiria, wakalinyanyua.

"Mwizi!"

Tuligeuka. Mama wa Misima alikuwa anakuja kwa miguu kutoka barabarani, khanga imemlegea, vumbi hadi magotini, na nyuma yake hakuna mtu.

"Mmemfunga sanda mpate kumtorosha? Haondoki mpagazi huyu! Arudishe kwanza shati la mwanangu!"

Daktari akasogea mbele na upole wake. "Mama, samahani sana, shati utapewa sasa hivi, tafadhali tusiwe na..."

"Na wewe nani? Mtani wake?" Akampita, akafika mlangoni, akakaa kitako kizingitini, miguu ameinyoosha, mlango wote umezibika. "Alivaa bila kuomba. Akala wali wangu, sahani nzima, amesimama kama punda. Hajasema ahsante. Hatoki."

Wabebaji wakabaki na jeneza mikononi. Muuguzi ndiye aliyeelewa kwanza. Akaingia ndani kwa kuruka miguu ya mama yule, akatoka na shati. Mama akalishika, akalinusa, uso ukamkunjika, nikadhani atavunjika. Akalivaa. Akafunga kifungo kimoja kimoja juu ya gauni lake mpaka shingoni.

"Hata kulifua hakujua," akasema, machozi yanaanguka kwenye kola. "Limenuka mkonge. Ndio maana alikosa mke mwingine."

Mtu akacheka. Nilikuwa mimi. Kicheko kilinitoka na kilio pamoja, na nyuma yake yakafuata maneno ambayo sikuyaandaa.

"Na mimi nasema haondoki! Anirudishie shikamoo zangu! Nimempa miaka yote, hajaitikia hata moja!"

Basi kambi ikalipuka. Majirani walicheka, imamu aligeuza uso ukutani mabega yanamtikisika, bwana shamba akadai mbegu zake za mchicha. Daktari alivua miwani na safari hii hakuifuta. Mama alituacha tupige kelele mpaka aliporidhika, akajivuta pembeni, akapiga jeneza kofi moja la mkono wazi. "Nenda," akasema. "Mwambie mwanangu shati lake liko kwangu."

Wanaume walipokwenda makaburini, akina mama tulitandika mikeka tukapakua wali kwenye masinia. Mama wa Misima alikaa kwenye sinia letu, na shati lake. Wanawake watatu wa kambini waliokuwa wamekwisha kunawa wakatazamana. Habari za Misima walizijua. Mmoja akakumbuka mtoto wake analia, wa pili akamfuata, wa tatu akanyanyuka bila kutafuta sababu. Mama aliona. Mkono wake ukabaki hewani juu ya wali.

Muuguzi akasogea karibu naye hadi mabega yakagusana, akatia mkono upande wake wa sinia. Na mimi nikatia wangu. Tukabaki watatu kwenye sinia la watu sita, na mama akala.